Amplifaya ya Vali na Sauti ya Gitaa: Somo la Rezista na Kapasita

Mpiga gitaa la umeme anapofungulia sauti ya amplifaya yake mpaka mwisho, jambo la kustaajabisha hutokea. Sauti haizidi tena kukua, bali hubadilika tabia. Hukwaruza, hudumu muda mrefu zaidi kabla ya kufifia, na husikika kana kwamba imechanganyika na sauti nyingine ambazo nyuzi hazikuzitoa. Kwa fundi wa redio hiyo ni ila, na kazi yake ni kuiondoa. Kwa wapiga gitaa wengi wa Marekani na Ulaya, tangu miaka ya 1950, ila hiyo ndiyo sauti yenyewe wanayoitafuta.

Hata hivyo, si kila amplifaya iliyosukumwa kupita kiasi hutoa sauti ya kupendeza. Moja hutoa sauti kali lakini inayoeleweka; nyingine, iliyoundwa kwa vali za aina ile ile, hutoa mvumo mzito kama matope. Wako wanaodhani kwamba tofauti hiyo imo katika uzuri wa vali au katika bei ya vifaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa sehemu kubwa, tofauti hiyo imo katika kanuni fupi ya somo la umeme, yaani kanuni ya rezista na kapasita. Atakayeielewa ataweza kukadiria kwa kalamu na karatasi, kabla hajagusa waya wowote, jinsi sauti itakavyobadilika. Jambo hili si dogo, kwa sababu umeme uliomo ndani ya amplifaya ya vali unaweza kuua.

VALI HUFANYAJE KAZI

Vali ya triodi, ambayo chanzo chake ni kifaa kilichobuniwa na Lee de Forest wa Marekani mwaka 1906, ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake mna sehemu tatu kuu. Ya kwanza ni kathodi, ambayo hupashwa moto ili itoe elektroni. Ya pili ni anodi, ambayo hupewa volteji chanya kubwa ili izivute elektroni hizo. Ya tatu ni gridi, yaani wavu mwembamba wa waya uliowekwa kati ya hizo mbili.

Gridi ni kama lango la mfereji. Ikifanywa hasi kidogo kuliko kathodi, hupunguza elektroni zinazopita. Ikizidi kuwa hasi, huzifungia kabisa. Badiliko dogo la volteji kwenye gridi huleta badiliko la mkondo unaofika kwenye anodi. Mkondo huo unapopita katika rezista kubwa iliyounganishwa na anodi, badiliko lake hugeuka kuwa badiliko kubwa la volteji. Huko ndiko kukuza.

Vali inayotumika zaidi katika hatua za mwanzo za amplifaya za gitaa huitwa 12AX7 huko Marekani na ECC83 huko Ulaya. Chupa yake moja ina triodi mbili. Kila triodi ina kizidishi cha 100 na ukinzani wa ndani wa takriban kilo-omu 62.5. Ikiwa rezista ya anodi ni kilo-omu 100, ukuzaji wa hatua moja hupatikana hivi:

Ukuzaji = (100 × 100) ÷ (62.5 + 100) = 61.5

Kwa maneno mengine, volti 0.1 inayotoka kwenye gitaa hugeuka kuwa volti 6 hivi.

Ili gridi iwe hasi kuliko kathodi bila kutumia betri, mafundi huweka rezista nyingine kati ya kathodi na ardhi ya saketi. Ikiwa rezista hiyo ni omu 1,500 na mkondo ni miliampia 1, kathodi hupanda volti 1.5 juu ya ardhi. Gridi, ambayo imebaki kwenye sifuri, huwa hasi kwa volti 1.5 ikilinganishwa na kathodi. Rezista hii ndogo ya kathodi, pamoja na kapasita inayowekwa sambamba nayo, ina nafasi kubwa katika somo hili.

WIMBI LINAPOKATWA VILELE

Vali ina mipaka miwili. Wimbi likiipandisha gridi mpaka iwe chanya kuliko kathodi, gridi yenyewe huanza kunywa elektroni, na kilele cha wimbi hubanwa. Wimbi likiishusha gridi mno, mkondo hukoma kabisa, na kilele cha upande wa pili hukatwa. Kwa kuwa mipaka hii haiko umbali sawa kutoka mahali pa utulivu, upande mmoja hukatwa kabla ya mwingine.

Wimbi lililokatwa vilele si mtetemo mmoja tena. Ikiwa uzi unatetemeka mara 110 kwa sekunde, yaani hezi 110, wimbi lililokatwa huwa na hezi 110 pamoja na mazidisho yake, kama 220, 330, 440 na kuendelea. Mazidisho haya huitwa harmoniki. Pande mbili za wimbi zikikatwa kwa usawa, huzaliwa mazidisho ya namba witiri tu, kama 330 na 550. Upande mmoja ukikatwa zaidi ya mwingine, mazidisho ya namba shufwa, kama 220 na 440, huzaliwa pia. Zidisho la pili ni noti ile ile iliyopanda daraja la nane, ndiyo maana sikio huipokea bila taabu.

Mambo huwa magumu zaidi noti mbili zinapopigwa kwa pamoja. Vali iliyofika mpakani haizibebi noti hizo bila kuzichanganya; huzaa jumla yao, tofauti yao na michanganyiko mingine. Noti ya hezi 110 pamoja na ya hezi 165 huzaa tofauti ya hezi 55, ambayo ni noti ile ya kwanza iliyoshuka daraja la nane. Hapa sikio huridhika. Lakini noti ya hezi 220 ikipigwa pamoja na ya hezi 277.2, ambayo ni ya tatu yake katika mpangilio wa kawaida wa gitaa, tofauti yao ni hezi 57.2. Noti hii mpya haipatani na hezi 55 iliyotarajiwa, na sikio husikia mkwaruzo. Ndiyo sababu wapiga gitaa wanaotumia sauti iliyokatwa hupenda kupiga noti mbili tu zilizoachana kwa daraja la tano.

Hapa yafaa kukumbuka muziki wa dansi wa Afrika Mashariki na Kongo, ambamo gitaa la solo, la pili na la ridhimu husukana kama ukili. Uzuri wa mtindo huo hutegemea kila noti kusikika peke yake. Amplifaya inayofaa kazi hiyo ni ile inayobaki ndani ya mipaka yake. Kwa hiyo marekebisho yatakayoelezwa hayafanyi amplifaya iwe bora kwa kila muziki. Huifanya iwe bora kwa muziki unaohitaji wimbi likatwe.

BESI HUFUTA SAUTI NYEMBAMBA

Nyuzi nene za gitaa hutoa mawimbi yenye vimo vikubwa. Noti ya chini kabisa ya gitaa la kawaida ni hezi 82.4, na uzi mwembamba ukiachwa wazi hutoa hezi 329.6. Zinapopigwa pamoja, wimbi dogo la sauti nyembamba husafiri juu ya mgongo wa wimbi kubwa la besi, kama mtumbwi juu ya wimbi la bahari.

Wimbi la besi linapogota kwenye mpaka wa vali, kila kilichokuwa mgongoni mwake hugota pamoja nalo. Katika kipindi hicho sauti nyembamba hufutika kabisa, kisha hurudi besi inaposhuka, halafu hufutika tena. Jambo hilo hurudiwa mara 82 kwa sekunde. Hayo ndiyo matope ambayo sikio huyalalamikia.

Tiba yake hutokana na maelezo hayo. Besi inapaswa kupunguzwa kabla ya wimbi kufika mahali pa kukatwa, kisha irudishwe baadaye. Ikipunguzwa baada ya wimbi kukatwa, faida ni ndogo, kwani sauti nyembamba iliyokwisha futwa haiwezi kurejeshwa na kitufe chochote.

AMPLIFAYA YA BESI ILIYOBADILISHWA KAZI

Historia inatoa mfano mzuri wa jambo hili. Kampuni ya Fender ya Fullerton, California, ilianza kuuza gitaa la besi la umeme mwaka 1951, na mwaka uliofuata ikatoa amplifaya ya gitaa hilo iliyoitwa Bassman. Muundo wa Bassman wa mwishoni mwa miaka ya 1950, uliojulikana kwa namba 5F6-A, ulipendwa sana na wapiga gitaa la kawaida, ingawa haukukusudiwa kwao. Mwaka 1962, Jim Marshall, mpiga ngoma na mwenye duka la vyombo vya muziki jijini London, pamoja na mafundi Ken Bran na Dudley Craven, waliunda amplifaya yao, JTM45, kwa kuufuata muundo huo.

Katika hatua ya kwanza ya Bassman, triodi mbili zilitumia kwa pamoja rezista ya kathodi ya omu 820, na sambamba nayo iliwekwa kapasita ya mikrofaradi 250. Kazi ya kapasita ni kuyapitisha mabadiliko ya haraka ya mkondo yasipite katika rezista. Bila kapasita, kathodi hupanda na kushuka pamoja na gridi, na ukuzaji hupungua. Kapasita ikiwapo, kathodi hutulia, na ukuzaji huwa kamili. Lakini kapasita hufanya kazi hiyo kwa mitetemo iliyo juu ya kiwango fulani tu, ambacho hukadiriwa kwa kanuni hii:

f = 1 ÷ (2 × 3.1416 × R × C)

Hapa f ni hezi, R ni omu, na C ni faradi. Kwa omu 820 na mikrofaradi 250, jibu ni hezi 0.78. Maana yake ni kwamba hata noti ya chini kabisa ya gitaa la besi, ambayo ni hezi 41.2, hukuzwa kikamilifu. Hivyo ndivyo ilivyopasa kuwa, kwa kuwa amplifaya hiyo ilikuwa ya besi.

Wapiga gitaa wa miaka ya 1960 walipozidi kuzisukuma amplifaya za namna hiyo kupita mipaka, besi ile ile iliyokuwa fahari yake ikawa mzigo. Mwishoni mwa muongo huo, amplifaya za Marshall zilizokusudiwa gitaa la kuongoza zilibadilishwa. Katika njia ya sauti kali, triodi ilipewa rezista yake yenyewe ya kathodi ya omu 2,700, pamoja na kapasita ya mikrofaradi 0.68 tu. Kwa kanuni ile ile, f sasa ni hezi 87. Kutoka hezi 0.78 hadi hezi 87 ni badiliko la zaidi ya mara 100, na limefanywa kwa vifaa viwili vidogo kuliko kidole.

Athari yake yaweza kukokotolewa. Bila kapasita, ukuzaji wa hatua hiyo huwa:

(100 × 100) ÷ (62.5 + 100 + 101 × 2.7) = 23

Kapasita ikifanya kazi kikamilifu, ukuzaji ni karibu 61. Kati ya mipaka hiyo miwili, ukuzaji hupanda kidogo kidogo kadiri mitetemo inavyoongezeka:

Hezi 82 (uzi mnene): ukuzaji wa takriban 30
Hezi 330 (uzi mwembamba): ukuzaji wa takriban 52
Hezi 1,000: ukuzaji wa takriban 60

Besi haikuondolewa. Imepunguzwa kwa kiasi cha nusu, ili isiwe ya kwanza kugota mpakani.

KAPASITA YA KUUNGANISHA NA KUZIBA KWA VALI

Kati ya hatua moja na nyingine huwekwa kapasita inayozuia volteji kubwa ya anodi isiifikie gridi inayofuata, huku ikiruhusu wimbi lipite. Kipimo cha kawaida ni mikrofaradi 0.022, na rezista kutoka gridi hadi ardhi mara nyingi ni mega-omu 1. Kanuni inatoa hezi 7.2. Ikiwekwa kapasita ya mikrofaradi 0.0022, jibu ni hezi 72.

Kapasita kubwa ina madhara mengine, nayo huonekana wimbi linapokuwa kubwa mno. Gridi inapokuwa chanya hunywa elektroni, na elektroni hizo hurundikana kwenye kapasita. Kilele kikishapita, rundo hilo hubaki, likiifanya gridi kuwa hasi kupita kiasi. Vali huzibika kwa muda, na sauti hukatikakatika au hutapatapa kila noti kali inapopigwa. Muda wa kupona hukadiriwa kwa kuzidisha R na C. Kwa mega-omu 1 na mikrofaradi 0.022 ni milisekunde 22. Mtetemo mmoja wa uzi mnene wa hezi 82.4 huchukua milisekunde 12 tu. Kwa hiyo kilele kingine hufika vali ingali imeziba. Kwa mikrofaradi 0.0022, muda huo ni milisekunde 2.2, na vali hupata nafasi ya kupona.

Njia nyingine ni kuweka rezista mbele ya gridi ili kupunguza elektroni zinazonyonywa. Rezista hiyo ina gharama yake. Ndani ya vali mna uwezo mdogo wa kapasita kati ya gridi na anodi, wa takriban pikofaradi 1.7, lakini ukuzaji huufanya uonekane mkubwa mara 60 na zaidi, yaani kiasi cha pikofaradi 107 pamoja na ule ulio kati ya gridi na kathodi. Rezista ya kilo-omu 68 pamoja na pikofaradi hizo haipunguzi kwa kiasi kikubwa chini ya hezi 21,000, ambazo sikio halizisikii. Rezista ya kilo-omu 470 huanza kupunguza kuanzia hezi 3,200 hivi, na hapo sauti hupoteza ukali wake. Fundi huchagua kati ya faida na hasara; hakuna kipimo kisicho na gharama.

UKUZAJI MWINGI SI UZURI

Anayeanza kurekebisha amplifaya hudhani kwamba kuongeza hatua za ukuzaji ndiko kuongeza utamu. Hesabu inakataa. Hatua tatu zenye ukuzaji wa 60 kila moja hutoa ukuzaji wa 216,000. Kelele ya volti 0.00001 tu kwenye gridi ya kwanza ingetoka ikiwa volti 2. Hata ukimya wa gitaa ungekuwa mvumo.

Amplifaya ya Marshall ya namba 2203, iliyotolewa mwaka 1975, inaonyesha njia ya busara zaidi. Ina hatua za triodi zinazofuatana, lakini ukuzaji wake umepunguzwa kwa makusudi. Hatua ya pili ina rezista ya kathodi ya omu 10,000 bila kapasita. Kwa kanuni iliyokwisha kutumika, ukuzaji wake ni kiasi cha 8.5 tu. Faida yake ni nyingine: rezista hiyo kubwa huiweka vali karibu na mpaka wa kukoma kwa mkondo, hivyo upande mmoja wa wimbi hukatwa mapema kuliko wa pili, na harmoniki za namba shufwa huzaliwa.

Baada ya hatua hiyo kuna rezista mbili za kilo-omu 470 zinazoligawa wimbi nusu kwa nusu kabla halijafika hatua ya tatu. Sambamba na rezista ya kwanza iko kapasita ya pikofaradi 470. Kanuni inatoa hezi 720. Mitetemo iliyo juu sana ya hapo huipita rezista kupitia kapasita, na iliyo chini hupunguzwa nusu. Besi imepunguzwa tena kabla ya kukatwa tena.

Baada ya wimbi kukatwa, ndipo vitufe vya besi, kati na sauti nyembamba hutumika kurudisha unene. Mwisho kabisa, spika ya gitaa ya inchi 12 hupunguza sana mitetemo iliyo juu ya hezi 5,000 hivi, na kwa njia hiyo huondoa makali ya harmoniki za juu. Mpangilio mzima, basi, unafuata utaratibu mmoja: punguza besi, kata vilele, rudisha besi, lainisha ukali.

TAHADHARI

Amplifaya ya vali hutumia volti 300 hadi 450, na baadhi huzidi hapo. Kapasita za kusafisha umeme huweza kuhifadhi volteji hiyo hata baada ya waya wa umeme kung'olewa ukutani. Kapasita ya mikrofaradi 50 iliyojaa volti 400 huwa na nishati ya jouli 4, nayo inaweza kumdhuru mtu vibaya au kumwua.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi asiifungue amplifaya ya vali, na mwalimu asiifungue ila awe amefundishwa kazi hiyo. Fundi mwenye ujuzi hung'oa waya wa ukutani, hutoa chaji ya kapasita kupitia rezista ya kilo-omu 10 yenye nyaya zilizofunikwa vizuri, kisha hupima kwa voltimita kuhakikisha kwamba volteji imekwisha. Hatumii bisibisi kugusisha nyaya. Waya wa ardhi wa amplifaya usikatwe kamwe, hata kama kuukata kunaonekana kupunguza mvumo. Chuma cha nyuzi za gitaa kimeungana na chuma cha amplifaya, na mpigaji amekishika mkononi. Vilevile amplifaya ya vali isiwashwe na kupigwa bila spika, kwa kuwa transfoma yake ya mwisho huweza kuungua.

JARIBIO LA DARASANI

Kanuni zote kuu za somo hili zaweza kuonyeshwa bila vali na bila volteji ya hatari.

Vifaa: vizalishi viwili vya mawimbi ya sauti, kapasita ya mikrofaradi 0.1, rezista mbili za kilo-omu 1, moja ya kilo-omu 10 na moja ya kilo-omu 100, dayodi mbili za silikoni, na osiloskopu. Amplifaya ndogo ya shule itafaa kwa kusikiliza.

Utaratibu: Kila kizalishi kiunganishwe, kupitia rezista yake ya kilo-omu 1, na mahali pamoja. Kutoka hapo wimbi lipite katika kapasita. Baada ya kapasita, rezista ya kilo-omu 10 iende ardhini, na ile ya kilo-omu 100 iende kwenye pato. Kati ya pato na ardhi ziwekwe dayodi mbili, moja ikielekea huku na nyingine ikielekea kule. Vizalishi viwekwe kwenye volti 3 hadi 5.

Kwanza, kitumike kizalishi kimoja kwa hezi 1,000. Osiloskopu itaonyesha vilele vimekatwa pande zote kwenye volti 0.5 hivi. Dayodi moja ikitolewa, upande mmoja tu ndio utakaokatwa.

Pili, ikiwa imebaki dayodi moja, vizalishi vitoe hezi 440 na hezi 550 kwa pamoja. Wanafunzi wasikilize kwa makini: chini ya noti hizo mbili itasikika noti ya hezi 110, ambayo haikutolewa na kizalishi chochote. Dayodi ya pili ikirudishwa, noti hiyo itafifia, na badala yake zitatokea noti za hezi 330 na 660.

Tatu, dayodi mbili zikiwa mahali pake, vizalishi vitoe hezi 100 kwa nguvu na hezi 1,000 kwa kimo kidogo. Kwanza kapasita iruke kwa kipande cha waya. Kwenye osiloskopu, wimbi dogo litaonekana likifutika kila mara kubwa linapogota. Kisha waya uondolewe, kapasita ifanye kazi. Besi itapungua kwa kiasi cha nusu, na wimbi dogo litaonekana kwa muda mrefu zaidi katika kila mzunguko. Mwanafunzi atakayeliona jambo hilo kwa macho yake atakuwa ameelewa kiini cha marekebisho yote yaliyoelezwa hapa.

HITIMISHO

Vali zilitoweka katika redio na mashine za kukokotolea baada ya transista kuenea, lakini bado zinatengenezwa katika nchi chache, na amplifaya za gitaa ni mojawapo ya sababu. Siku hizi programu za kompyuta nazo huiga sauti hiyo, na baadhi ya waandishi wake huziandika upya kwa hesabu zile zile rezista na kapasita zilizoelezwa hapa. Teknolojia imebadilika, kanuni haikubadilika.

Funzo la mwisho linavuka mipaka ya muziki. Kifaa kinapokosea, jambo la kwanza linalomjia mtu ni kukiongezea nguvu au kukibadilisha kwa cha bei kubwa. Waliofanikiwa kuirekebisha amplifaya ya besi ikawa ya gitaa waliuliza kwanza ni kitu gani kinachofika mahali pa kukatwa, na kwa kiasi gani. Jibu lilikuwa rezista moja na kapasita moja.

MASWALI

1. Rezista ya kathodi ni omu 1,500, na kapasita iliyo sambamba nayo ni mikrofaradi 25. Kokotoa f. Kisha kokotoa tena kwa kapasita ya mikrofaradi 0.68. Ni ipi inayofaa zaidi kwa gitaa linalopigwa kwa sauti iliyokatwa, na kwa nini?

2. Hatua moja ina rezista ya anodi ya kilo-omu 100 na ya kathodi ya omu 1,500 bila kapasita. Onyesha kwamba ukuzaji wake ni takriban 32.

3. Noti za hezi 220 na hezi 330 zinapita pamoja katika vali iliyofika mpakani. Taja tofauti yao na jumla yao. Je, noti hizo mpya zinapatana na zile za mwanzo?

4. Kapasita ya mikrofaradi 50 inatolewa chaji kupitia rezista ya kilo-omu 10. Kokotoa R × C, na ueleze kwa nini fundi husubiri angalau mara tano ya muda huo, kisha hupima kwa voltimita.

5. Eleza kwa nini kapasita iliyowekwa kabla ya dayodi katika jaribio haikuweza kuizuia noti ya hezi 110 isisikike.